Nimeambiwa nimeze dawa za kuzuia uchungu mpaka wiki ya 37, na moyo unanienda mbio

Asalaam aleikum Bi Mkunga,

Mimi ni mke wa miaka 27, nakaa kisiwani Pate. Mimba hii ni ya pili. Ya kwanza ilitoka ikiwa na wiki 27. Mtoto alilia mara mbili, akanyamaza, tukamzika siku hiyohiyo kabla ya alasiri. Nakwambia haya mwanzo ili ujue kwa nini mengine nimeyakubali bila ya kuuliza.

Hii ya sasa ina wiki 30. Ilipokuwa na wiki 28, usiku wa kuamkia Ijumaa, tumbo lilianza kukaza. Nilidhani mtoto anacheza. Kufika saa tisa likawa linakaza na kuachia, linakaza na kuachia, na kiuno kinakatika. Mume wangu ni mvuvi, na kwa bahati usiku ule hakwenda baharini. Tukapanda boda boda mpaka Mtangawanda, tukakaa gatini muda mrefu tukingoja maji yajae, maana bahari ilikuwa imekupwa na boti haikuweza kupita mlango wa bahari wa Mkanda, njia ya kwenda Lamu. Nilikuwa nimejifunika leso usoni ili watu wasinione ninavyouma meno.

Lamu nililazwa siku tatu. Walinipima wakasema mlango wa kizazi umefunguka sentimita moja. Wakanidunga sindano nne, moja kila baada ya saa kumi na mbili, wakasema ni za mapafu ya mtoto, na wakanipa vidonge vya nifedipine vya kutuliza uchungu. Siku ya pili tumbo likatulia. Siku ya kutoka nikaambiwa dawa nilizopata zinatosha, nirudi kliniki baada ya wiki. Bi Mkunga, mtu aliyezika mtoto anaambiwa "zinatosha" na anatumwa nyumbani mikono mitupu! Sikuridhika. Binamu yangu akanipeleka kwa daktari wa kliniki ya kulipia. Huyo akanisikiliza vizuri, akaniandikia dawa aina mbili, nifedipine na salbutamol, kila moja mara tatu kwa siku mpaka wiki ya 37. Akasema nikiruka hata kidonge kimoja mtoto atatoka. Dawa na ada yake ni Sh2,500 kila wiki.

Sasa ni wiki ya pili nazimeza. Tumbo halijakaza tena kama usiku ule. Lakini moyo unanidunda hata nikiwa nimekaa. Juzi nilimmiminia mume wangu kahawa, mkono ukatetemeka mpaka kikombe kikagonga kisahani kama kengele, akanitazama asiseme kitu. Usiku nikilala chali kifua kinabana, najiinua kwa mito miwili. Kichwa kinauma, miguu imevimba kidogo. Nimelala kitandani mchana kutwa kwa sababu nimeogopa kusimama.

Jumapili alikuja kakangu, ambaye ana pumu tangu utotoni. Akaiona pakiti akashika mdomo: "Hizi si dawa zangu?" Zilikuwa zilezile anazomeza yeye. Hapo ndipo shaka iliponiingia.

Mavyaa naye ana lake. Tangu mwanzo hakuzipenda dawa hizi. Anasema mtoto alitaka kutoka wa miezi saba, na wa miezi saba huishi, mimi nimemfunga na vidonge mpaka ameingia mwezi wa nane, na wa miezi minane haishi. Hanisemi kwa ubaya, analia akisema. Amenifanyia kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji, nikanywa. Sasa nikitazama kidonge naona nikimeza namuua mtoto na nisipomeza namuua vilevile.

Na kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Wiki iliyopita bahari ilichafuka, boti hazikwenda, dawa zikaniishia siku mbili nzima. Sikulala. Halafu hakikutokea kitu. Je, nilimweka mtoto hatarini? Niendelee au niache? Mwenzangu mmoja aliyeko Mombasa ananiambia nitafute ile sindano ya kila wiki inayozuia, ni kweli ipo?

Wako,
Mja mzito wa Pate

*

Waaleikum salaam mwanangu,

Pole kwa yule wa kwanza. Mama hamsahau mtoto aliyemsikia akilia mara mbili.

Lile la moyo na kifua nilikwambia kwa simu siku ileile niliyoipata barua yako, na hapa nalirudia kwa sababu wapo wenzako watakaosoma wakiwa na pakiti hizohizo mkobani. Moyo kwenda mbio ukiwa umekaa, kifua kubana, pumzi kukatika ukilala chali: hayo ni ya kwenda hospitali siku hiyo, si ya kungoja majibu ya gazetini. Salbutamol na nifedipine zote huuharakisha moyo, na zikikutana katika mwili wa mja mzito hatari ya maji kujaa mapafuni huongezeka. Kwa kuwa wewe mwenyewe huna pumu, kidonge kinachofuata cha salbutamol kisimezwe kabla daktari hajakusikiliza moyo na mapafu. Nifedipine ina habari nyingine kidogo, kwa sababu ni dawa ya presha pia, na wapo wanaopewa kwa ajili hiyo. Wewe umevimba miguu na kichwa kinakuuma. Huenda ni dawa, maana nifedipine huleta yote mawili. Huenda ni presha ya uzazi. Hayo hayatenganishwi kwa kukisia, yanatenganishwa kwa mashine ya presha na kipimo cha mkojo. Wakipima, wao ndio wakwambie uache leo au vipi. Na pakiti zote uende nazo, hata zilizokwisha.

Kakako basi hakukosea, dawa ni ileile. Misuli inayozunguka njia za hewa na misuli ya mfuko wa uzazi ni ya jamii moja, ile misuli isiyongoja amri yako. Salbutamol huilegeza yote, kifuani na tumboni, ndiyo maana madaktari wa zamani waliitumia kutuliza uchungu, na mimi mwenyewe nimeshawapa wagonjwa kwa mkono huu kwa sababu iliandikwa kwenye faili. Haichagui pa kwenda, hata hivyo. Inafika moyoni, inafika mikononi ikatetemesha kikombe cha kahawa, na inapandisha sukari ya damu. Halafu mwili unaizoea. Mfuko wa uzazi ukipewa dawa hii siku nyingi huacha kuisikia, wewe ukabaki na mapigo ya moyo na mtetemo, na lile ulilozimezea halipo.

Hili si wazo langu la uzeeni. Mwaka 2011 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kuhusu terbutaline, ambayo ni ndugu wa salbutamol wa baba mmoja mama mmoja: ya sindano isitumike kuzuia uchungu zaidi ya saa 48 hadi 72, na ya vidonge isitumike kabisa kwa kazi hiyo, kwa kuwa kulikuwa na akina mama waliopata matatizo makubwa ya moyo na wengine wakafa. Mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Ulaya wakafuata: vidonge vya jamii hii, salbutamol ikiwemo, viondolewe katika mambo ya uzazi, na sindano isipite saa 48. Kwa hiyo mwanangu, huyo daktari aliyekusikiliza vizuri amekuandikia kitu ambacho wenzake duniani walikwishakiweka kando. Sisemi ana nia mbaya. Kukusikiliza vizuri ni nusu ya udaktari, na hao wa kwanza wangekusikiliza hivyo usingefika kwake.

Maana wa kwanza walikuwa sahihi, ila hawakukueleza. "Zinatosha" ni neno la kweli lililosemwa vibaya.

Nikueleze mimi. Umekulia gatini, unajua abiria wa mwisho anavyochelewa. Nahodha ameshatia mashine moto, maji yanaanza kutoka, halafu mtu anapiga kelele kutoka juu kwamba kuna mgonjwa anakuja kwa punda. Nahodha hushikilia boti kwa kamba dakika kumi. Hawezi kuishikilia mpaka kesho, maji yatamwacha mchangani. Dawa ya kutuliza uchungu ndiyo kamba hiyo. Inashikilia kwa siku mbili hivi, na siku mbili hizo zina abiria wake maalumu: zile sindano nne.

Sindano zako, kwa ulivyozieleza, ni za dexamethasone, na ndizo zilizokuwa tiba. Kidonge kilikuwa mlinzi wa mlango tu. Asili yake ni New Zealand, ambako daktari Graham Liggins alikuwa akichunguza kondoo, akashangaa kuona mwanakondoo aliyezaliwa mapema mno, ambaye alipaswa kufa, anapumua. Alikuwa amepewa dawa ya jamii hii akiwa tumboni, na mapafu yalikuwa yamewahi kukomaa. Liggins na mwenzake Ross Howie wakaijaribu kwa akina mama, wakatoa matokeo yao mwaka 1972. Baadaye watu wakauliza, je, kwetu huku ambako hospitali hazina vifaa kama vya New Zealand, itafaa? Utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani ukafanywa katika nchi tano, Kenya ikiwa mojawapo, na mwaka 2020 jibu likatoka kwamba vifo vya vichanga vilipungua. Mtoto wako ameshapata dawa hiyo. Hukutoka hospitalini mikono mitupu, ulitoka na mapafu ya mtoto yaliyotiwa nguvu. Laiti muuguzi mmoja angekaa kitandani pako dakika tano akakwambia hivyo, ungeokoa pesa zako na usingizi wako.

Sasa utaniuliza: mbona tumbo limetulia wiki mbili, si kwa sababu ya vidonge? Hapa ndipo watu wengi tunaponaswa, waganga wa mizizi na wa vyeti pamoja. Akina mama wanaolazwa kwa uchungu wa mapema, karibu nusu yao huja kuzaa miezi imetimia. Tumbo hukaza, hutulia, na mimba ikaendelea. Sasa katika nusu hiyo, aliyekuwa akimeza vidonge atavisifu vidonge, aliyekunywa kombe atalisifu kombe, na aliyelala miguu juu ya mto atausifu mto. Huwezi kujua bila ya kulinganisha. Waholanzi walilinganisha. Waliwachukua wanawake 406 ambao uchungu wao ulikuwa umekwisha kutulizwa kama wako, wengine wakapewa nifedipine kwa siku 12 zaidi, wengine vidonge vinavyofanana navyo visivyo na dawa ndani, na mwenyewe hajui amepewa kipi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: kuendelea na dawa hakukupunguza madhara kwa watoto.

Zile siku mbili za bahari chafu ulizomficha hata mumeo zilikuwa utafiti wako mdogo. Vidonge viliisha na tumbo likabaki limetulia. Hukumweka mtoto hatarini. Mwambie mumeo, ili siri hiyo ikutoke kifuani pamoja na mengine yanayokibana.

Kila zama ina kufuli yake ya kizazi, nawe usidhani wazungu hawana zao. Miaka ya 1960 na 1970 huko ng'ambo mja mzito mwenye uchungu wa mapema alitundikiwa dripu ya pombe. Naam, pombe, mshipani, mpaka mama akalewa kitandani akitapika, na jamaa wamekaa pembeni wakiona ndiyo sayansi. Ikaachwa. Ikaja magnesiamu salfeti, wakaitundika wiki nzima na zaidi, mpaka mwaka 2013 Marekani ikaonya kwamba ikipita siku tano hadi saba humpunguzia mtoto kalsiamu na kumdhuru mifupa. Magnesiamu bado ni dawa tukufu kwa kifafa cha uzazi, na hupewa kwa saa chache kulinda ubongo wa mtoto anayekaribia kuzaliwa kabla ya wiki ya 32, lakini kufuli ya miezi haikuwa. Na hiyo sindano ya kila wiki anayokwambia mwenzako wa Mombasa ilikuwepo, ni ya homoni, iliitwa Makena. Haikuwa ya kutuliza uchungu ulioanza. Ilikuwa ya kuzuia kwa aliyewahi kuzaa kabla ya wakati, ikianzwa mimba ikiwa bado changa. Mwaka 2023 Marekani ilifuta kibali chake baada ya kuonekana haifanyi kazi iliyoahidiwa. Usiitafute.

Kulala kutwa nako kuache. Najua unaogopa kusimama, lakini haijaonekana kwamba kitanda kinazuia uchungu, na mja mzito asiyetembea damu yake huweza kuganda miguuni. Tembea ndani ya nyumba, keti barazani, pika. Mitungi na madebe ya maji waachie wengine. (Na daktari akikuona, aipime sukari pia, baada ya wiki mbili za salbutamol.)

Sasa tumrudie mavyaa wako, maana nahisi huyo anakuumiza kuliko vidonge.

Nimeyasikia ya miezi saba na minane tangu nikiwa msichana, na sijawahi kumcheka mzee anayeyasema. Ila tukae tuhesabu kwa hesabu yake mwenyewe, ya mwezi mwandamo. Mwezi mwandamo una siku 29 au 30. Miezi saba ni siku 207 hivi, yaani wiki 29 na nusu. Miezi minane ni siku 236, karibu wiki 34. Kwa hiyo anaposema umeingia mwezi wa nane amesema kweli tupu, wiki yako ya 30 imo humo. Anapokosea ni kudhani mtoto humo ndani anazidi kudhoofika. Kuanzia wiki ya 30 mpaka ya 34 ndipo kila wiki inapomfaa mtoto sana: anaongeza mafuta chini ya ngozi ya kumtia joto, mapafu yanaendelea kukomaa, anajifunza kunyonya na kumeza na kupumua kwa mpangilio mmoja bila ya kupaliwa. Wa wiki 32 ana nafasi kubwa kuliko wa 30, na wa 34 kuliko wa 32. Hata wodini kwetu ikipita 34 hatukuwa tukituliza uchungu tena, tulimwacha mtoto aje.

Imani yenyewe ilitoka wapi? Mimi nadhani ilitoka kwenye masimulizi. Mtoto wa miezi saba akiishi ni ajabu, atasimuliwa mtaa mzima mpaka aoe, "huyu alikuwa mdogo kama kopo la maziwa." Wa miezi minane akiishi nani atamtaja? Anafanana na wengine. Akifa, ndipo mtu hukumbuka alikuwa wa miezi mingapi. Ukimwambia mavyaa hayo mwambie kwa adabu, na usimwambie peke yako. Nenda naye kliniki, akae humo chumbani, asikie moyo wa mjukuu wake kwa masikio yake. Wazee wengi wanaobishana nasi nyumbani wananyamaza wakiusikia ule mlio. Kombe lake, ikiwa ni zafarani na maji safi, sina ugomvi nalo. Asiongeze mizizi ya kunywa, basi.

Unalohitaji sasa si kufuli kubwa zaidi, ni kuwa karibu na mlango. Usiku ule wa wiki ya 28 kilichokuwa kikikuua ni maji ya Mkanda, dawa zilikuwepo Lamu zikikungoja. Kwa dharura kabisa hospitali ya Faza iko kisiwani kwako humohumo, boda boda inafika, lakini wodi ya vichanga wadogo haijengwi kwa usiku mmoja. Kwa hiyo hama. Kuanzia wiki hii mpaka angalau wiki ya 34 ipite, ikiwezekana 36, ukae kwa jamaa Lamu mjini au Mokowe. Binamu aliyekupeleka kwa daktari anaweza kukupa chumba. Zile Sh2,500 za kila wiki zigeuke nauli na chakula. Mokowe ina faida moja ambayo watu wa visiwani hatuipendi kuisema: ukihitaji kupelekwa Malindi au Mombasa, barabara iko mbele yako na hakuna maji ya kungoja. Maana mtoto husafiri vizuri zaidi akiwa bado tumboni, hakuna mashine ya joto inayomfikia mama yake. Akishazaliwa wiki ya 30 ndipo mnaanza kutafuta gari la wagonjwa, mmechelewa.

Ukiwa huko waombe wakutafutie sababu, kwa kuwa uchungu wa mapema mara nyingi una kinachouchokoza. Mkojo upimwe, maana maambukizi ya njia ya mkojo hukaza tumbo na yanatibika kwa dawa za siku chache. Malaria ipimwe ukiwa na homa, na kama hukumeza zile za kukinga malaria za kliniki, ambazo huku Pwani mja mzito hupewa, uulize. Uchafu unaonuka ukeni usiuonee haya.

Tumbo likikaza tena, kojoa, kunywa maji, lala ubavu wa kushoto, weka kiganja juu ya kitovu na saa mbele yako. Likikaza mara moja moja bila mpangilio na kutulia ndani ya saa moja, ni mazoezi ya kizazi. Likirudi kila dakika kumi au chini ya hapo, au kiuno kinauma kwa mawimbi, au unahisi mtoto anasukuma chini, ondoka. Maji yakipasuka, damu ikitoka, homa ikipanda au mtoto akipunguza kucheza, ondoka bila kuhesabu chochote. Hapo wakisema hawatulizi uchungu usiwalilie watulize. Kukiwa na maambukizi ndani au kondo limebanduka, mtoto yuko salama zaidi nje, na aliyelazimisha kumfungia ndani amemfungia na moto. Zile sindano nazo zinaweza kurudiwa mara moja, ikiwa siku saba zimepita tangu za kwanza, mimba haijatimiza wiki 34 na dalili zinaonyesha mtoto anakuja ndani ya wiki hiyo. Kumbuka tarehe ulizodungwa, ziandike kwenye kijitabu chako cha kliniki kwa wino mzito. Ndilo swali la kwanza tuliloliuliza usiku, na ndilo lililokosa jibu kila mara.

Akija mapema, hata hivyo? Miaka mingi nyuma nilikuwa zamu na mama mmoja aliyezaa mtoto wa gramu 1,300. Stima zilikatika magharibi. Tukamvua kichanga akabaki na kofia na nepi, tukamlaza wima katikati ya matiti ya mama yake, kifua kwa kifua, tukawafunga pamoja kwa leso mbili, ya kisutu ikawa juu. Mbinu hiyo iliasisiwa Colombia, mjini Bogotá, mwaka 1978, kwa sababu kama ileile, mashine hazitoshi. Wanaiita ya kangaruu. Yule mama alikaa hivyo usiku kucha ameegemea ukuta, na kila mtoto alipojisahau kupumua, kifua cha mama kikipanda kilimkumbusha. Alfajiri nilitia kipimajoto kwapani mwa mtoto, nyuzi 36.8. Mama akaniuliza kama anaweza kwenda msalani. Kwa hiyo funga leso mbili laini kwenye mkoba wako, zilizofuliwa, zisizo mpya za kukwaruza.

Mimba nyingine ikijaliwa, usingoje tumbo lionekane. Nenda kabla ya wiki ya 12 na uwaambie kilichotokea mara hizi mbili. Kuna kupimwa urefu wa mlango wa kizazi kwa picha, kuna projesteroni ya kuwekwa ukeni kwa wenye mlango mfupi, kuna kuushona mlango kwa wanaostahili. Yote hayo yana wakati wake mwanzoni, na kwa wiki 30 ulizo nazo sasa wakati huo umepita.

Mumeo ni mvuvi, anaijua bahari kuliko mimi. Muulize leo jioni maji ya kesho yanajaa saa ngapi, halafu funga mkoba.